Sahihi ya Nne

Simu yake ilitetemeka kwa mara ya sita tangu aingie dukani kwangu, na kwa mara ya sita aliigeuza kifudifudi juu ya kaunta, halafu akanitabasamia.

Mimi si mtu wa kupekua simu za watu. Naapa. Lakini kaunta yangu ni ya kioo. Simu ikitetemeka pale juu, kaunta nzima inanguruma na fremu za miwani zilizo ndani zinacheza, na mwanamume anayekuoa kesho saa nne asubuhi anajifanya hasikii. Jamani, wewe ungefanyaje?

"Nani huyo?" nilimuuliza.

"Mteja."

"Mteja gani anapiga mara sita?"

"Friji yake haigandishi." Akacheka. "Macho, mtu mwenye nyama ndani ya friji hana subira."

Macho ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mimi ni fundi miwani. Yeye ni fundi friji, na mtaa mzima unamwita Baridi, watoto kwa wazee. Siku hiyo ya kwanza alikuja akidai haoni vizuri. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwonyesha herufi kwa fimbo, akazisoma zote hadi ule mstari wa chini kabisa ambao hata mimi nausoma kwa kukisia. Nikamwambia, macho yako mazima, umefuata nini hapa? Akanijibu, "Nimemfuata aliyeshika fimbo." Nilicheka mpaka mama yangu akachungulia kutoka kijichumba cha nyuma kuona kuna nini.

Mama alikuwa kwenye kijichumba hicho hicho Ijumaa hii, anapinda upindo wa gauni langu kwa mkono. Hakuwahi kumpenda Baridi sawasawa. Alikuwa akisema, "Huyo kijana anatoa haraka mno. Mtu anayechomoa pesa bila hata kukuna kichwa, mimi ananitia wasiwasi." Nami nilikuwa nikimjibu kwamba wanaume wengine hawatoi kabisa, wote ni shida, bora huyu.

"Feni yako inapiga kelele," Baridi alisema huku akitazama juu. "Ngoja nilete bisibisi."

Akatoka kwenda kwenye pikipiki yake, aliyoiegesha upande wa pili wa barabara. Simu akaisahau pale pale kwenye kaunta. Na hapo ikatetemeka mara ya saba.

Nikapokea.

"Habari ya mchana," ilisema sauti ya mwanamke. Sauti tamu, taratibu, ya mtu aliyeoga akapaka mafuta akakaa mahali penye kivuli. "Naomba kuongea na mwenye simu."

"Mwenye simu katoka. Wewe nani?"

"Ni jambo la kibinafsi, dada."

"La kibinafsi!" Damu ilinipanda hadi masikioni. "La kibinafsi na mwanamume wa nani?"

"Yeye mwenyewe analijua. Mwambie tu nimempigia, na nitaendelea kupiga."

"Sikiliza, mwanamke wewe. Mimi ni mchumba wake. Kesho tunaoana."

Nilisikia vidole vyake vikibonyeza kitu, tap, tap, tap.

"Ninafahamu," alisema. Akakata.

Nilibaki nimeishika ile simu kama nimeshika chura. Ninafahamu! Hakushtuka, hakuuliza, hakutukana. Mwanamke wa pembeni huwa anashtuka. Nikakaa kwenye kile kiti cha kupimia macho.

Baridi aliporudi na bisibisi yake alikuta simu mkononi mwangu. Alisimama mlangoni. Nilimpenda sana mwanamume yule, niseme ukweli, na hata wakati ule wa hasira niliona jinsi mabega yake yalivyolijaza shati la kazi, na jinsi uso ulivyomshuka.

"Ni nani?" nilisema.

"Macho..."

"Usiniite Macho! Ni nani huyo mwanamke anayejua kwamba kesho ninaolewa?"

"Siyo mwanamke."

"Masikio ninayo!"

"Ni mwanamke, lakini siyo... siyo hivyo unavyodhani." Aliweka bisibisi chini polepole. "Ni wa kadi."

"Kadi gani? Za mwaliko?"

"Kadi ya mkopo. Nadaiwa, Macho. Nadaiwa vibaya."

Mtacheka. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nilishusha pumzi, nikamwona Mungu. Deni tu! Hakuna mwanamke! Nilitaka hata kumkumbatia. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kuvuta kiti na kumkalisha.

"Anza mwanzo," nilimwambia. "Usiruke kitu."

Akaanza. Miaka miwili na nusu iliyopita, nje ya duka kubwa, vijana wawili waliovaa fulana za rangi moja walimsimamisha wakamjazia fomu. Dakika tano. Wakampa na mwavuli wa bure. Nikaukumbuka huo mwavuli. Ulikuwa umesimama pale pale kwenye kona ya duka langu, na nilikuwa nautumia kila mvua ikinyesha.

"Ukanunua nini na hiyo kadi?"

Alitazama mashine yangu ya kukatia vioo.

"Baridi. Uliniambia ulidunduliza."

"Ulikuwa unakata kwa mkono, Macho. Vidole vinatoka damu. Mara ngapi nilikuta umefunga plasta vidole vinne? Niliona bora nikuletee mashine kwanza, halafu nijibane nilipe."

Wanawake wenzangu, mtu akikuambia hivyo unamjibu nini? Hasira na mapenzi vilinijia kwa pamoja. Ile mashine ilikuwa ya laki tisa. Nilikuwa nimeibusu siku ilipofika.

"Na ulilipa?"

"Kila mwezi! Sijakosa ila mwezi mmoja." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nane. "Kila mwezi wananiletea hii. Juu hapa wanaandika kwa herufi kubwa nyeusi: lipa elfu thelathini kabla ya tarehe tano. Nalipa elfu thelathini. Nikajua mwezi huo nimemaliza."

Nikaikunjua ile karatasi. Herufi kubwa zilikuwa pale juu kweli, nyeusi, zinang'aa. Chini yake kulikuwa na mistari iliyoandikwa kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa. Nilichukua kioo changu cha kukuzia, kile ninachokagulia mikwaruzo, nikainama.

"Baridi, hii elfu thelathini siyo deni la mwezi. Hiki ni kima cha chini kabisa wanachokubali. Mtu anayelipa kima cha chini kila mwezi riba inamla hapo hapo. Hapa kuna riba. Hapa kuna faini ya kuchelewa. Hapa kuna bima. Wewe uliomba bima?"

"Bima ya nini?"

"Hata wenyewe hawajasema." Nilipiga hesabu kwenye mgongo wa risiti. "Umelipa mara ishirini na tisa. Laki tisa kasoro kidogo. Mashine ilikuwa laki tisa. Na hapa wanasema bado unadaiwa milioni moja na laki tatu."

"Kuna na vitu vingine vidogo," alisema kwa sauti ya chini.

"Vidogo gani?"

Akatupa jicho kwenye pazia la kijichumba cha nyuma. Pazia likafunguka. Mama alikuwa amesimama pale, sindano mkononi, uzi mweupe umening'inia.

"Sema tu, baba," mama alisema. "Nimesikia yote. Duka lenyewe kubwa kiasi gani?"

"Ni... ni meno, mama."

Mama alijishika mdomo. Seti yake nzima ya juu, aliyotengenezewa mwaka jana baada ya miezi ya kula uji, Baridi ndiye aliyeigharamia. Tulimsifu ukoo mzima.

"Kumbe hata nikicheka nadaiwa," mama alisema.

Hapo hasira zangu zikahama kutoka kwa Baridi zikawaendea wenye kadi. Mimi nina duka pia! Kwangu mteja akiagiza miwani analipa nusu, akija kuchukua anamalizia nusu. Ikiwa hajamaliza, miwani yake inalala kwenye trei ya bati chini ya kaunta na kikaratasi kimefungwa kwa uzi: jina lake, alicholipa, kilichobaki. Kilichobaki hakizai. Mtu akija baada ya mwaka anakikuta vile vile. Sasa hawa ni watu gani?

"Nipe hiyo namba," nilisema. "Nawapigia mimi."

"Macho, acha."

"Nipe."

Niliweka simu yangu kwenye spika katikati ya kaunta. Sauti ya mashine ikatuambia tubonyeze moja, tukabonyeza. Tubonyeze nne. Tuingize tarakimu kumi na sita. Ikatuambia simu yetu ni ya thamani kubwa kwao, kisha ikatuwekea muziki. Tulisikiliza muziki dakika ishirini na mbili. Mteja mmoja aliingia, akachagua kamba ya miwani, akalipa, akaondoka, muziki ukiwa unaendelea. Mama aliuliza kama hao watu wanaendesha kampuni au bendi.

Mwishowe akapokea. Yule yule, sauti yake ya mafuta.

"Dada," nilisema, "nataka mtoe bima ambayo hakuiomba, na faini, na mtuambie deni halisi ni kiasi gani tulimalize."

"Nakuelewa kabisa, dada. Kwa bahati mbaya mfumo hauruhusu kuondoa gharama zilizokwisha kuingia."

"Mfumo ni nani? Niitie niongee naye."

"Mfumo ni mfumo, dada." Hakukasirika hata kidogo. "Lakini nawashauri mlipe kabla ya tarehe tano ili kiasi kisiongezeke. Na hongereni sana kwa kesho. Tunawatakia ninyi nyote wawili maisha mema."

Baridi alinyoosha mkono haraka akakata simu.

"Amejuaje mambo ya kesho?" nilimuuliza. "Hata ile mara ya kwanza alijua. Amejuaje?"

"Pete," alisema. "Nilinunua pete na kadi. Wanaona kila kitu unachonunua." Alikuwa anatazama mikono yake. "Naomba unisamehe."

Nikatazama pete kidoleni mwangu. Ndogo, ya kawaida, yenye mstari mmoja katikati. Nilikuwa sijaivua tangu Jumanne, hata nikiosha vyombo.

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja. "Mwanangu," aliniambia, kana kwamba Baridi hayupo, "ukitia sahihi kesho, deni lake litakuwa linalala nanyi kitanda kimoja. Duka hili ndilo linalotulisha. Mimi sina lingine la kusema."

Kweli hakuwa na lingine la kusema. Nilijua anachosema. Duka lilikuwa jina langu, mashine ilikuwa mkono wangu wa kulia, na huku nyuma kulikuwa na mama mwenye umri wa miaka sitini na nane. Upande wa pili alikuwa amekaa mwanamume aliyehesabu plasta kwenye vidole vyangu.

Nikamshika kidevu, nikamwinua uso anitazame. Macho ya watu ndiyo kazi yangu, nikajiambia nitaona.

"Baridi, nisikilize. Sikukasirika kwa sababu unadaiwa. Nimekasirika kwa sababu umebeba peke yako miaka miwili na nusu na kila siku unanichekea. Nitakuuliza mara moja tu. Kuna lingine?"

"Hakuna."

"Kadi nyingine? Mtu mwingine unayemdai au anayekudai? Karatasi yoyote?"

"Hakuna, Macho."

"Mbele ya mama yangu?"

"Mbele ya mama. Hakuna lingine."

Nikamwamini. Alikuwa na machozi, na mimi pia nilikuwa nayo, nikamvuta kichwa nikakiegemeza begani kwangu hapo hapo dukani, watu wanapita nje. Nikamwambia tutaiuza pikipiki, atanunua ya mitumba. Tutalipa mara tatu ya kima cha chini kila mwezi, tutakula maharage, mwavuli wao tutauvunja. Akacheka ndani ya nguo yangu. Nywele zake zilinukia gesi ya friji, na niliwaza kwamba harufu hiyo nitaisikia kila jioni mpaka tuzeeke.

Mama alinyanyuka, akajifuta pua. "Haya. Kesho nitakuja. Vigelegele lakini msitegemee, meno ya watu haya." Akarudi kwenye gauni.

Ndipo mlango uliposukumwa akaingia mleta vifurushi, kofia ya pikipiki kichwani, begi kubwa mgongoni. Alisoma jina kwenye bahasha. Majina yangu matatu, yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Ndiye mimi," nilisema.

"Saini hapa, dada."

Nikadhani ni fremu nilizoagiza. Nikasaini, huku bado nacheka, mkono mmoja ukiwa kwenye shingo ya Baridi. Jamaa akaondoka. Bahasha ilikuwa nyembamba mno kwa fremu. Niliichana.

Ndani kulikuwa na barua, na juu ya barua, imebandikwa kwa gundi laini, kadi. Mpya, ya buluu, inang'aa. Majina yangu matatu yalikuwa yamechongwa pale kwa herufi za kuinuka.

"Karibu, mmiliki mwenza wa kadi," barua ilisema. Chini yake: "Kiasi mnachodaiwa kwa pamoja." Na kiasi kilikuwa kile kile, milioni moja na laki tatu, pamoja na elfu arobaini ya kutengenezea kadi ya pili. Mahali pa uhusiano paliandikwa: mke.

Nikamtazama Baridi. Kadi iko mkononi mwangu, barua iko mkononi mwangu, na mimi nimegeuka jiwe katikati ya duka. Na yeye hakuniuliza ni nini.

Hilo ndilo lililoniua. Mtu yeyote angeuliza. Angalau angesema, "Vipi?"

Mawazo yangu yalirudi Jumatatu ya wiki iliyopita. Alikuja na bahasha ya fomu za ofisi ya ndoa, akanishikia taa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, akanionyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa, na hapa. Nikamtania, "Mkono umeuma. Tunaoana au tunanunua kiwanja?" Akacheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Mimi niliye na ubao wa herufi ukutani, ninayewaambia watu kutwa nzima wasome mstari wa chini.

"Ofisi ya ndoa wanataka sahihi ngapi?" nilimuuliza.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Baridi. Ngapi?"

"Tatu."

Nyuma ya pazia sindano ya mama ilisimama. Nilikuwa nimeizoea sauti yake ya kuvuta uzi, na sasa haikuwepo.

"Waliniambia nikiongeza mtu mwenye rekodi safi watapunguza riba," alisema, maneno yakimtoka mbio. "Yule dada aliniambia ni karatasi tu, haina madhara. Na mwaka huu wangenifungulia kesi, Macho, wangekuja kuchukua mashine, ningefanya nini? Nilitaka kukueleza. Wallahi nilitaka kukueleza."

"Lini?"

"Baada ya kesho."

Alilisema hilo kwa upole kabisa, na nadhani hakulisikia lilivyotoka. Baada ya kesho. Nikishatia sahihi ya mwisho.

Nilikuwa nampenda. Msije mkasema nilikuwa simpendi. Nilitamani arudishe dakika kumi nyuma, aseme lipo lingine, ningelia, ningempiga na mwavuli, halafu ningemsamehe na hilo pia. Lakini alinitazama machoni, mbele ya mama yangu, akasema hakuna.

Nikavua pete. Ilikataa kidogo kwenye kifundo cha kidole, ikatoka. Nikavuta trei ya bati chini ya kaunta, nikachukua kikaratasi na uzi, nikaifunga pete kama ninavyofunga miwani ya mteja yeyote. Pa jina niliandika Baridi. Pa kilichobaki niliiweka kalamu, nikaiacha hapo muda mrefu, nikaiondoa bila kuandika kitu.

"Macho," alisema. "Tafadhali. Kesho saa nne..."

"Kesho saa nne nitakuwa hapa, nimefungua duka. Nina deni la kulipa."

Alisimama. Alitaka kunishika, akaona mkono wangu usio na pete, akauacha. Alichukua bisibisi, akatazama feni kana kwamba bado angeweza kuitengeneza, akatoka. Nilisikia pikipiki ikikataa kuwaka mara mbili, ikawaka, ikaenda.

Simu yake hakuisahau safari hii. Kaunta ilikuwa tupu, hakuna kilichokuwa juu yake ila simu yangu na ile kadi ya buluu.

Mama alitoka na gauni mikononi. Hakunipa pole, hakusema "nilikuambia". Aliketi, akatafuta mwanzo wa upindo, akaanza kuufumua, mshono mmoja mmoja.

Kaunta ikanguruma. Fremu zikacheza ndani ya kioo. Nikaitazama ile namba ikiwaka kwenye simu yangu mimi, tarakimu zile zile nilizozipiga muda mfupi kabla kwa kidole changu mwenyewe, na mama akaacha kufumua.

"Usipokee," alisema.

Nikapokea.

"Habari ya mchana," ilisema ile sauti tamu, na ikaniita kwa majina yangu yote matatu. "Tulikuwa tunakusubiri."